Jamii Haikai Tuli: Mwongozo wa Kupanga Hatua za Umbali Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa Kisiwani Mafia

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, aliwatangazia Watanzania mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, msafiri aliyekuwa ameingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Siku hiyohiyo wataalamu wa Imperial College London, wakiongozwa na Neil Ferguson, walitoa taarifa iliyokadiria kwamba Uingereza ingepoteza watu wapatao 510,000 endapo mambo mawili yangetokea kwa pamoja: serikali isichukue hatua yoyote, na watu wenyewe wasibadili mwenendo wao. Namba ilienea dunia nzima. Sharti la pili liliachwa nyuma, ingawa waandishi wa taarifa walikuwa wamesema wazi kuwa si rahisi kutimia. Jamii inayouguza na kuzika haikai tuli. Huanza kujikinga kabla amri haijafika, na huchoka kabla amri haijaondolewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale ambao kazi zao huwaweka kati ya amri na watu: watumishi wa afya wa halmashauri, maofisa watendaji wa kata na vijiji, wasimamizi wa vivuko na boti, wakuu wa shule, mameneja wa hoteli za Utende, na viongozi wa vikundi vya wavuvi. Msingi wake ni mmoja. Hatua ya umbali hufanikiwa kwa kadiri watu wanavyoweza kuimudu gharama yake na kuamini sababu zake. Hesabu ya mlipuko isiyoingiza gharama na imani hiyo ni hesabu pungufu, na mtumishi anayeitumia kushauri amri anabeba dhamana ya upungufu huo.

Hesabu ya msingi na pengo lake

Hesabu nyingi za milipuko zinatokana na kazi iliyochapishwa mwaka 1927 na William Kermack na Anderson McKendrick wa Edinburgh. Katika umbo lake jepesi, jamii hugawanywa katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wenye maambukizi, na waliotoka katika mzunguko kwa kupona au kufa. Mtu huhama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili kwa kasi inayotegemea idadi ya watu anaokutana nao, uwezekano kwamba aliyekutana naye ana maambukizi, na uwezekano kwamba kukutana huko kutapitisha kimelea. Hapo ndipo inapopatikana namba ya msingi ya maambukizi, yaani wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza pale ambapo hakuna mwenye kinga. Namba hiyo ikiwa 2.5, kupungua kwa makutano kwa zaidi ya asilimia 60 hurudisha mlipuko nyuma, kwa kuwa kila mgonjwa hubaki akiambukiza chini ya mtu mmoja.

Kila mtumishi wa afya anapaswa kuielewa hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kazi. Pengo lake ni kwamba inayachukulia makutano kama kipimo kilichochukuliwa mara moja kikabaki vilevile. Makutano ni maamuzi. Mchuuzi anayefika diko la Kilindoni alfajiri kugombea dagaa ameamua kufika, akiwa amepima anachokihofia dhidi ya atakachokikosa. Jirani yake mwenye mshahara wa mwezi anaweza kubaki nyumbani kwa hofu ileile, kwa sababu kwake kubaki kuna gharama ndogo. Kuanzia mwaka 2010 na 2011, kazi za Timothy Reluga, na za Eli Fenichel na wenzake, ziliingiza uamuzi huo ndani ya hesabu yenyewe: kila mtu katika modeli anaangalia hatari ya siku hiyo, anaangalia faida ya kutoka, kisha anachagua.

Modeli za namna hii hutoa matokeo ambayo mpangaji hawezi kuyapuuza. Kwanza, ugonjwa hupanda na kushuka kwa mawimbi hata bila amri yoyote: wagonjwa wakiongezeka watu hujitenga, wagonjwa wakipungua watu hurudi, na kwa kuwa habari huchelewa kufika, kila upande huvuka mpaka. Pili, mtu anayejipangia mwenyewe hujitenga pungufu ya kiwango ambacho jamii ingehitaji, kwa sababu katika mizani yake huiweka hatari yake na ya watu wake, asiiweke hatari anayompelekea mtu asiyemjua. Pengo kati ya kile ambacho mtu atafanya kwa hiari na kile ambacho jamii inahitaji ndilo eneo halali la sera. Amri inayojaribu kufanya zaidi ya kuziba pengo hilo hula bure subira ya watu.

Mafia inalifahamu pengo hilo kwa uzoefu wa zamani. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianzia katika wilaya hii mwaka 2000, kwa ugawaji wa kingatiba ya ivermectin na albendazole kwa jamii nzima, wagonjwa na wazima. Aliyemeza vidonge bila kuwa na dalili alibeba maudhi ya dawa ili mbu asipate pa kuchukua minyoo na kuipeleka nyumba nyingine. Aliyekataa alilindwa na waliokubali, na wakataaji wakizidi, hakuna aliyelindwa. Mtumishi aliyepita nyumba kwa nyumba katika kazi ya aina hiyo tayari ana ujuzi ambao hesabu za mwenendo hujaribu kuuandika kwa alama. Ujuzi huo uthaminiwe katika kikao cha kupanga, hata kama mwenye nao hajawahi kuona mlinganyo mmoja.

Mwenendo uliopimwa

Ushahidi kwamba watu hubadilika, na kwamba kubadilika kuna bei, umepimwa katika ukanda huu wa Afrika na kwingineko.

Septemba 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilikadiria kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 ifikapo Januari 2015 iwapo hali isingebadilika. Mlipuko wote, hadi ulipokwisha, ulikuwa na wagonjwa wapatao 28,600 walioripotiwa. Misaada ilikuja, vituo vya matibabu vikajengwa, na vijiji vyenyewe vikabadili namna ya kuuguza na kuzika. Kusema kwamba makadirio yalikuwa uongo ni kukosa kuyaelewa. Yalisema nini kingetokea kama watu wangebaki walivyo, na yalisaidia wasibaki walivyo. Mtumishi anayewasilisha makadirio kwa Mkurugenzi Mtendaji au kwa baraza la madiwani ana wajibu wa kulitamka sharti hilo kwa sauti ileile anayotamkia namba.

Karibu zaidi na Mafia, watafiti wa Kilifi katika pwani ya Kenya walichapisha mwaka 2014 matokeo ya shajara za makutano: watu 571 walirekodi kila mtu waliyegusana naye katika siku moja. Wastani ulikuwa watu 17.7. Hiki ni kipimo cha jamii ya pwani yenye familia pana, watoto wengi na salamu za mkono, na kinafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa Mafia kuliko vipimo vilivyochukuliwa katika miji ya Ulaya.

Kipimo cha gharama kilipatikana Nairobi mwaka 2020. Uchunguzi uliofanywa katika makazi yasiyo rasmi, wakati hatua za serikali ya Kenya zikiwa zimeanza, ulikadiria kwamba makutano ya kugusana yalipungua kwa asilimia 62, kiasi cha kutosha kuirudisha nyuma namba ya maambukizi. Katika uchunguzi uleule, asilimia 86 ya waliohojiwa walikuwa wamepoteza kipato chote au sehemu yake, na asilimia 74 walisema wanakula kidogo au wanaruka mlo kwa kukosa fedha. Namba hizi zote ni za watu walewale, kwa hiyo zisitenganishwe. Ripoti inayotaja ya kwanza na kuziacha mbili zinazofuata imeficha nusu ya matokeo, na itamshangaza mwenye kuitegemea pale utii utakapoporomoka wiki chache baadaye.

Kuhusu imani, mfano mzito ni wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo. Septemba 2018, mwezi wa pili wa mlipuko wa Ebola uliodumu hadi Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200, watafiti waliwahoji watu wazima 961. Takriban robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo. Wenye imani ndogo kwa mamlaka ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na kwenda kutibiwa rasmi. Eneo hilo lilikuwa limeishi miaka ya mauaji bila kulindwa, na ujumbe wa afya uliletwa na mikono ambayo watu hawakuizoea kwa wema. Hakuna tangazo la redio linaloweza kurekebisha hilo ndani ya wiki mbili. Imani hukusanywa wakati wa shwari, katika zahanati yenye dawa na katika ofisi ya kijiji inayosoma mapato na matumizi mbele ya wanakijiji.

Hesabu ya chombo

Kosa moja hurudiwa mara nyingi mno, na kwa kisiwa ni la hatari kuliko mengine: kupunguza muda au safari kwa nia ya kupunguza watu.

Tarehe 27 Machi 2020 Kenya ilianza amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa moja jioni. Katika kivuko cha Likoni, Mombasa, maelfu ya wafanyakazi walifika kwa wakati mmoja wakitaka kuvuka kabla ya saa hiyo. Walisongamana, na polisi wakatumia virungu na mabomu ya machozi. Amri iliyolenga kuwatenganisha watu iliwabana katika lango moja, kisha ikawakohoza. Waliofika pale walikuwa wakitii: kila mmoja alikuwa anawahi nyumbani kama alivyoagizwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya saini, wafanyakazi hao watafanya nini kuanzia saa kumi jioni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chombo chenye abiria 100 kina jozi 4,950 za watu wanaoweza kuambukizana. Chombo chenye abiria 50 kina jozi 1,225, na safari mbili za watu hamsini hamsini zina jozi 2,450. Kwa hiyo kuwagawa abiria walewale katika safari mbili hupunguza jozi kwa nusu, wakati kuunganisha safari mbili kuwa moja huziongeza maradufu. Kanuni hii inahusu soko linalofungwa saa sita mchana, mnada wa samaki uliobanwa katika saa moja, na foleni ya dirisha moja la malipo. Dar es Salaam ya mwaka 2020 ilitoa mfano wa upande mzuri: agizo kwamba daladala zibebe abiria kwa idadi ya viti, lililojulikana mitaani kama levo siti, lilipunguza watu ndani ya gari. Lakini pale ambapo magari hayakuongezeka msongamano ulihamia kituoni, na yeyote anayepima matokeo ya agizo hilo lazima ahesabu pande zote mbili.

Makutano ya hiari yana hesabu tofauti. Watu wawili hukutana kwa hiari pale tu wote wawili wanapokuwa tayari. Kila mmoja akipunguza utayari wake kwa nusu, makutano hubaki robo. Hii ndiyo sababu hatua ndogo za hiari, kama kupunguza kutembeleana au kuahirisha ngoma ya arusi, huweza kuzaa matokeo makubwa bila askari hata mmoja, na ndiyo sababu nguvu ya amri ielekezwe kwanza kwenye misongamano isiyo ya hiari: chombo, lango, darasa, wodi.

Mafia kama ilivyo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 66,000 katika Wilaya ya Mafia, kutoka 46,438 mwaka 2012. Milango inayoonekana ni michache: uwanja wa ndege wa Kilindoni, na gati linalopokea kivuko na boti kutoka Nyamisati. Ramani ikitazamwa kwa haraka hushawishi kwamba kufunga milango hiyo ni kukifunga kisiwa. Lakini mashua hutia nanga popote penye mchanga na maji ya kutosha. Wavuvi wa dago hufuata samaki kwa msimu na kupiga kambi mbali na vijiji. Visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu hutegemea kuvuka kila siku kwa maji, mafuta, shule na matibabu. Anayezuiwa kushuka gatini mchana anaweza kushuka ufukweni usiku, na aliyeshuka usiku hatajitokeza zahanati akipata homa. Zuio la namna hiyo hubadili mahali pa kuingilia na kuharibu taarifa kwa wakati mmoja.

Modeli ya Mafia kwa hiyo haina budi kuhesabu misimu. Wakati wa kaskazi bahari hutulia zaidi, watalii huja kuona papa potwe, na vyombo huongezeka. Kusi ikivuma safari huahirishwa, abiria hurundikana Nyamisati wakisubiri, na mizigo hupungua madukani. Bamvua huwatoa wanawake wengi miambani kuchokoa pweza, kazi ya uwanda wa wazi yenye upepo na nafasi kati ya mtu na mtu. Hatari ya ugonjwa wa njia ya hewa huko ni ndogo kuliko katika kibanda cha kupimia pweza baada ya hapo. Agizo linalokataza kwenda mwambani na kukiacha kibanda limeondoa kipato na kuacha maambukizi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na vikundi vya wavuvi vina kumbukumbu za vyombo na za kufunga na kufungua maeneo ya uvuvi. Kumbukumbu hizo ziombwe na timu ya afya kwa barua rasmi wakati wa shwari.

Umbali pia ulingane na njia ya ugonjwa. Kipindupindu kinahitaji maji safi na vyoo, na kufunga mikusanyiko bila kutibu visima ni kupoteza wiki. Virusi vya Marburg, vilivyothibitishwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, hupita kwa kugusa maji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Hapo hatua yenye uzito ni namna ya kuuguza na kuosha maiti, na mazungumzo na masheikh na maimamu kuhusu njia salama ya kumsitiri marehemu yana thamani kuliko kufunga soko. UVIKO-19 hupita kwa hewa, na husambazwa hata na asiye na dalili. Kuchukua orodha ya hatua za ugonjwa mmoja na kuibandika kwenye mwingine ni uvivu wa kitaaluma.

Habari ni sehemu ya hatua

Mwaka 2020 Tanzania ilichagua njia yake. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko ya hadhara. Mwezi uliofuata ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa. Nyumba za ibada zilibaki wazi na watu hawakuzuiwa kwenda kazini. Shule zote zilikuwa zimefunguliwa ifikapo mwisho wa Juni. Taarifa ya idadi ya wagonjwa iliyotolewa tarehe 8 Mei ilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo takwimu za mara kwa mara hazikutolewa. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu Aprili 2021, na tarehe 28 Julai mwaka huo alizindua chanjo kwa kuchanjwa mbele ya umma.

Uamuzi wa kutowafungia watu ndani unaweza kutetewa kwa hesabu, katika nchi ambayo wengi hula kwa walichokipata siku hiyo. Kunyamazisha takwimu hakuwezi. Katika modeli yoyote ya mwenendo, habari ya hatari ndiyo usukani wa mtu binafsi. Ikikosekana, mtu huendesha kwa uvumi, kwa misiba ya mtaani kwake, na kwa ujumbe wa simu usio na mwenyewe. Mwenye hofu huzidisha na kumkimbia hata mgonjwa wa malaria. Asiye na hofu huacha kunawa kwenye maji tiririka yaliyowekwa mlangoni. Ndoo zile, barakoa zilizoshonwa na mafundi wa mitaani, na watu kuacha kupeana mikono vilionyesha kwamba hiari ilikuwepo. Hiari inahitaji kulishwa habari ya kweli kila wiki.

Wajibu wa mtumishi wa ngazi ya wilaya hapa una mipaka ya kisheria. Matangazo ya mlipuko hutolewa na mamlaka yenye dhamana, na mtumishi hapaswi kutoa takwimu kiholela. Lakini anawajibika kuhakikisha kwamba kinachopanda kutoka zahanati kwenda MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) na kwenye mfumo wa ufuatiliaji wa magonjwa ni kamili, kina tarehe sahihi, na hakikupunguzwa ili kumfurahisha mtu. Taarifa ikichelewa kwa wiki mbili, modeli huiona Mafia ya wiki mbili zilizopita. Mganga mfawidhi anayeandika sifuri kwa sababu hakupata muda wa kujaza fomu ameandika jambo tofauti kabisa na asiyeona mgonjwa, na fomu iwe na mahali pa kutofautisha hayo mawili.

Haki za wanaotakiwa kutii

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inazipa mamlaka uwezo wa kuchukua hatua dhidi ya magonjwa ya kuambukiza. Uwezo huo ni wa umma na utumike kwa maandishi: agizo liwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kupitiwa upya, sababu, na jina la cheo kilicholitoa. Agizo lisilo na mwisho humwondolea mtu sababu ya kuvumilia, kwa kuwa hajui anavumilia hadi lini. Vigezo vya kuliondoa vitangazwe pamoja nalo, kwa mfano idadi ya wiki bila mgonjwa mpya, ili wananchi waweze kuhesabu wenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyetimiza masharti likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Meneja wa hoteli au wa duka anayemtaka mfanyakazi mwenye homa abaki nyumbani anapaswa kuijua haki hiyo na kuitamka kabla ya kuulizwa. Ugumu uko kwa aliyetangamana na mgonjwa lakini mwenyewe hajaugua. Cheti cha ugonjwa hakimhusu, na akikatwa mshahara atajifunza kutotaja aliokutana nao. Makubaliano ya malipo ya siku za karantini yaandikwe kabla ya mlipuko, kwa ushauri wa afisa kazi na chama cha wafanyakazi.

Walio wengi Mafia hawana mkataba. Baharia hulipwa kwa mgao wa kilichovuliwa, mchuuzi kwa faida ya ndoo, mama wa pweza kwa kilo. Kwao siku 14 za kukaa ndani ni siku 14 bila chungu jikoni. Chakula na maji kwa kaya iliyo karantini viingizwe katika bajeti ya mlipuko kama dawa na glovu zinavyoingizwa, kwa sababu katika hesabu ya mwenendo vina kazi ileile: hupunguza gharama ya kutii. Halmashauri isiyo na fedha za kuilisha kaya iliyofungiwa ina sababu ya kutosha ya kutafuta hatua nyepesi zaidi, na afisa anayelijua hilo aliseme katika kikao, na kumbukumbu zilionyeshe.

Usawa wa utekelezaji una uzito wake. Kijiji kilichoambiwa kizike kwa watu kumi kikiona msafara wa kiongozi wenye magari manane, agizo limeisha siku hiyo. Vivyo hivyo kwa mgeni wa hoteli anayepita uwanjani bila kupimwa joto huku abiria wa Nyamisati wakisimamishwa juani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Katika wilaya ya visiwa vidogo, kuficha jina hakutoshi. Kutaja kwamba mgonjwa ni mwanamke wa makamo, muuza maandazi, wa Jibondo, ni kumtaja. Ripoti za kijiji kimoja zipandishwe hadi ngazi ya kata au ya wilaya kabla ya kusomwa nje ya timu ya afya, na orodha za waliotangamana na mgonjwa ziwe na mtunzaji mmoja anayejulikana na tarehe ya kuteketezwa.

Maswali kwa mleta modeli

Halmashauri inaweza kuletewa makadirio na chuo, taasisi ya utafiti au mshauri. Heshima kwa utaalamu haizuii kuuliza. Makutano yamepimwa wapi, na katika msimu gani? Modeli inachukulia kwamba watu watatii kwa kiwango gani, na kiwango hicho kinashuka baada ya wiki ngapi? Mwenye mshahara na asiye na mshahara wamewekwa katika kundi moja? Nini kinatokea kwa matokeo iwapo asilimia 20 ya vyombo vitashusha watu nje ya gati? Je, kuna kiwango cha makosa, au namba moja tu? Mtaalamu mwaminifu hufurahia maswali haya. Asiyeweza kuyajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtendaji wa kijiji hajamaliza kazi yake, na matokeo yake yasitumike kumnyima mtu riziki. Utafiti unaowahusisha watu uwe na kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania Bara husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na matokeo yarudishwe kwa waliotoa majibu.

Kazi ya kwanza ambayo wilaya inaweza kuianza bila kumsubiri mtaalamu ni shajara za makutano kwa mfano wa Kilifi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe mafunzo mafupi, kaya zichaguliwe kwa bahati nasibu katika kata zote pamoja na visiwa vidogo na kambi za dago, na kila mhojiwa aeleze siku moja: alikutana na nani, wapi, kwa muda gani, na kama waligusana. Kwa wasiosoma, mhudumu aandike. Zoezi lifanywe mara mbili, kaskazi na kusi, na kila mara lichukue angalau siku moja ya bamvua, Ijumaa moja na siku moja ya kivuko. Swali la mwisho katika kila shajara liulizwe kwa kila anayehojiwa, mwenye mshahara na asiye nao: akiambiwa leo asitoke kwa wiki mbili, ni kitu gani kitakachomtoa kwanza, na siku ya ngapi. Majibu ya swali hilo yahifadhiwe na Mganga Mkuu wa Wilaya pamoja na mpango wa dharura, nakala moja iwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, na yapitiwe kila bajeti ya halmashauri inapoandaliwa.